Napeleka kamera Muscat kupiga harusi: bima ipi italipa kweli?

BintiChumbageni:

Assalaam alaykum wote.

Mimi napiga picha za harusi hapa Tanga. Chumbageni, Ngamiani, Raskazone, na nikiitwa nafika mpaka Pangani na Muheza. Kuna familia ya Ngamiani niliwapigia harusi ya binti yao mkubwa, sasa mdogo wake anaolewa Muscat kwa ndugu zao waliohamia huko zamani, na mama mtu kashika msimamo: mpigapicha ni yule yule. Tiketi na viza juu yao, malazi kwao, na nusu ya malipo nimeshatia kibindoni. Mombasa nimekwenda na kamera, lakini ilikuwa bodi moja na lenzi moja ndani ya mkoba wa kawaida, hata aliyekaa pembeni yangu kwenye basi hakujua nimebeba nini. Safari hii nahama na duka.

Nabeba bodi mbili, Sony A7 IV na A7 III ya zamani. Lenzi ni Sigma 24-70, Sony 85, na 70-200 ya f/2.8, ile ya kuvuta vya mbali, ambayo ndiyo inayonilisha, kwa sababu ukumbini wanawake hawataki umsogelee bibi harusi. Halafu flashi mbili za Godox, betri, kadi na kompyuta mpakato. Nikipiga hesabu ya kununua vyote upya Kariakoo leo, nafika milioni 19. Sikuvinunua kwa mkupuo, kila msimu wa harusi nimeongeza kimoja, kwa hiyo vikienda vyote siku moja sina pa kuanzia.

Kijana aliyenikatia tiketi kaniletea na bima ya safari. Ada yenyewe ndogo, naimudu. Kwenye karatasi kuna hospitali, kuna kuchelewa kwa ndege, na kuna "mizigo na mali binafsi: dola 2,000". Nikamwuliza, kamera zimo? Akajibu, "Dada, mzigo ni mzigo, vyote vimo." Jibu hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu anayejua angeniuliza kamera gani, za bei gani.

Njia yangu ni basi kutoka Kange hadi Dar, nalala kwa shangazi Magomeni, kesho yake ndege. Kule kuna usiku wa wanawake ukumbini, na nikiwa napiga siwezi kuvaa begi mgongoni, lazima likae mahali. Pia wanataka picha za asubuhi pale Muttrah, ufukweni.

Basi nielezeni, bima hii inatosha au natafuta nyingine? Na nikitafuta, niiite jina gani huko ofisini ili wasinizungushe?


Tairi_la_Akiba:

Dada usiwape hela hao. Begi la kamera lifunge ile plastiki ya uwanjani, litie chini kwa mizigo mikubwa, likipotea shirika la ndege ndilo linalolipa. Ni sheria ya kimataifa hiyo. Bima wanakula tu, siku ya kudai unaambiwa soma ukurasa wa mwisho.


KaoleVideo:

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi niko Bagamoyo, narekodi ngoma na tamthilia, tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha hapa, silikosi. Usimsikilize huyo wa plastiki. Kwanza betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenda chini, ni za mkononi tu, kila moja uifunike midomo yake isigusane na chuma. Za Sony yako zina Wh (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) 16 na kitu, kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni Wh 100, kwa hiyo hawatakusumbua.

Pili, kwenye karatasi yako tafuta kikomo cha kitu kimoja. Ile dola 2,000 ni ya jumla, lakini humo ndani huwa wameandika kila kitu kisizidi kiasi fulani, na kamera, dhahabu na saa wamezitengea fungu lao dogo zaidi. Mwenzangu mmoja alivunjikiwa lenzi safarini, akalipwa pesa ya kununulia mfuko wa kuitilia.

Nimewahi kuona kwenye intaneti kampuni za Uingereza zinazokatia bima kamera peke yake, unaorodhesha vifaa na unalipa kwa kadi. Sijui kama wanatupokea sisi.


MzeeWaMadai:

Mwanangu BintiChumbageni, waalaykum salaam. Mimi nimestaafu, niko Sahare na kuku wangu, lakini miaka yangu ya kazi imekwisha kwenye meza ya madai, upande wa dalali wa bima. Nitakujibu kwa kirefu maana swali lako lina mambo manne ndani yake na kijana wa tiketi amekujibu nusu ya moja.

Nianze na huyu bwana wa tairi, asije akamponza mtu. Sheria anayoitaja ipo. Ni Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania imo. Lakini usome wenyewe unasema nini. Mzigo uliokabidhiwa ukipotea au ukiharibika, fidia ina dari: SDR 1,519 kwa abiria, tangu tarehe 28 Desemba 2024, kabla ya hapo ilikuwa 1,288. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni kama dola elfu mbili hivi. Kwa abiria, sio kwa begi, na ndani yake zimo nguo zako, viatu vyako na zawadi za bibi harusi. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi pale kaunta na kulipia nyongeza, ila masharti ya mashirika mengi yanakuambia waziwazi usiweke kamera kwenye mzigo wa chini, na wengine watakataa hata kulipokea tangazo lako. Begi ulilopanda nalo ndani ndio kabisa, shirika linawajibika tu ukionyesha kosa ni la watu wake. Mzigo ukitoka umeharibika, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Ukichelewa, siku 21 tangu uupate. Usitoke uwanjani bila karatasi ya pale dawati la mizigo, hata kama mwenyeji wako anapiga honi nje.

Sasa bima ya safari. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kuugua ugenini, na sanduku la nguo likawekwa kama nyongeza. KaoleVideo amekwambia habari ya kikomo cha kitu kimoja, amesema kweli. Naongeza ambalo watu hawalioni: kuna kifungu cha jozi au seti. Bodi, lenzi iliyofungwa juu yake na vikorokoro vyake, wao wanahesabu kitu kimoja. Wewe unaona vifaa saba, wao wanaona "kamera, 1". Tafuta neno seti kwenye karatasi yako. Likiwamo, zile dola 2,000 zisahau.

Kubwa kuliko yote ni hili. Wewe unakwenda kazini. Umelipwa nusu, na nusu unaidai. Bima nyingi za safari zinaondoa mali ya biashara na vifaa vya kazi ya malipo, kwa mstari mmoja tu katikati ya karatasi. Mwenye kuidai hasara anaulizwa, ulikuwa unafanya nini huko? Ukisema harusi ya jamaa, watataka kujua undugu wako. Ukisema kazi, umejifungia mlango mwenyewe. Na kusema uongo ni kubaya zaidi, kwa sababu bima imejengwa juu ya kuambiana kweli tupu; wakigundua ulificha jambo zito wanaweza kuuvunja mkataba mzima, na hospitali humo humo.

Kwa hiyo bima ya kijana wa tiketi ichukue, ni nzuri kwa mwili wako. Usiiguse kwa kamera.

Unachotaka kwa kamera kinaitwa bima ya hatari zote. Ukifika kwa dalali sema hivyo hivyo: "nataka bima ya hatari zote kwa vifaa vya kupigia picha, vya biashara, vinavyohamishika." Neno la mwisho lina kazi. Bila hilo watakukatia ya ofisini, ya moto na wizi wa kuvunja mlango, na kamera ikitoka nje ya anwani iliyoandikwa haina mwenyewe. Ni sawa na ile bima ndogo ya gari: umeibandika kiooni, trafiki anakupisha, siku umegonga mti ndiyo unajua ilikuwa ya kumlipa mwenzio, si wewe.

Humo ndani mambo haya uyaone yameandikwa, si kuambiwa kwa mdomo.

Orodha ya vifaa, kimoja kimoja, na namba ya kila kifaa ile iliyochapwa chini ya bodi au kwenye shingo ya lenzi, na thamani ya kila kimoja. Usikubali "vifaa vya picha, shilingi milioni 19" kwa mstari mmoja. Ukiorodhesha, una haki hata ya kuacha vidogo nje. Flashi moja ukiipoteza utaona hapo chini kwa nini haina faida kuikatia.

Mipaka ya nchi. Mikataba yetu mingi inaishia Tanzania. Mwambie aongeze Oman na njia yote ya kwenda na kurudi, kwa waraka wa nyongeza wenye tarehe. Ukishuka mahali kubadilisha ndege, na hapo pawemo.

Thamani. Hapa ndipo watu wanapojiumiza wakidhani wanabana matumizi. Andika bei ya kununua kipya leo, na uulize kama wanalipa kipya kwa kipya au wanatoa uchakavu. Ukiandika pungufu, kuna kanuni ya uwiano. Tuseme 70-200 mpya ni milioni 6, wewe umeiandika milioni 3 ili ada ishuke. Ikiharibika, na fundi akasema matengenezo ni milioni 2, hawakupi milioni 2. Umeikatia nusu ya thamani, wanakupa nusu ya hasara: milioni 1. Na bado hawajatoa eksesi. Nimeona watu wazima, wenye magari na maghala, wakitoa machozi mbele ya hesabu hiyo, na hesabu haina kosa.

Eksesi ni fungu la hasara unalojibebea mwenyewe. Kwa vifaa vya kuhamishika mara nyingi ni asilimia ya dai na kiwango cha chini juu yake. Wakisema asilimia 10 isiyopungua laki tatu, basi lenzi ya milioni 6 unajibebea laki sita, na flashi ya laki tatu na nusu unarudishiwa elfu hamsini. Ndiyo maana nikasema vidogo viache.

Kuachwa bila uangalizi. Hiki ndicho kifungu cha safari yako. Kwenye gari wanataka liwe limefungwa, kifaa hakionekani kutoka nje, na ziwepo dalili za kuvunjwa. Kwenye basi, begi ukilitia buti umelikabidhi kwa utingo ambaye haijui bima yako. Likae mapajani toka Kange hadi ufike. Ukumbini ndio kazi, nitalisemea ukinijibu.

Tena, kuibwa na kupotea sio kitu kimoja kwao. "Nimefungua begi lenzi haimo" ni upotevu usioelezeka, wengi hawalipi. Lazima kuwe na tukio. Na tukio liende polisi upesi, mikataba mingi inasema ndani ya saa 24. Hapa kwetu unachukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Kule unakwenda polisi wa Oman, unaomba karatasi, itakuwa ya Kiarabu, wenyeji wako watakusaidia, halafu ukirudi unaitafsirisha kwa mtafsiri anayetambulika.

KaoleVideo, kampuni za Uingereza karibu zote zinataka uwe mkazi wa huko. Na hata wangekupokea, Sheria ya Bima ya 2009 haitaki mali iliyo Tanzania ipelekwe kwa kampuni isiyosajiliwa hapa bila ruhusa ya Kamishna wa Bima. Siku ya mzozo utamshitakia nani? Kampuni ya hapa ikikuzungusha kuna TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye mlalamikaji humlipi kitu.

La mwisho: bima haianzi ada isipolipwa. Karatasi bila stakabadhi ni karatasi. Na ukishapewa, hakiki kwenye mfumo wa TIRA kama hati ipo, usimwachie wakala.


Tairi_la_Akiba:

Mzee nimekusoma. Ila hiyo ya kutangaza thamani kaunta sijawahi kuona mtu akifanya.


MzeeWaMadai:

Wala mimi sijaona wengi, bwana. Ipo kwenye kifungu cha 22, ndio maana nimeitaja. Kamera zipande na mwenyewe.


UpepoWaPangani:

Dada, ndege yako ikipitia Zanzibar jiandae na ile bima yao ya dola 44. Ilianza Oktoba 2024, lazima kwa kila msafiri.


MzeeWaMadai:

Ile ni ya wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje. Mtanzania haimhusu. Tusimwongezee gharama mtoto wa watu.


FundiLenzi_Ngamiani:

Mimi natengeneza kamera, nitasema upande wangu.

Vifaa vya Tanga vina ugonjwa wake. Upepo wa bahari na unyevu, lenzi inaota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na skrubu za bodi zinashika kutu. Bima hailipi kuvu, hailipi kutu, hailipi kitu kilichoharibika polepole. Hilo wapigapicha wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mkadiria hasara akiletewa lenzi iliyoanguka, anaichungulia kwa tochi kwanza. Akiona kuvu ndani, ataandika kwamba lenzi ilikuwa mbovu kabla, na thamani inashuka hata kama kuvu hawakuiangusha.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, leta vyote kwa fundi yeyote unayemwamini, avikague, akuandikie karatasi yenye tarehe na mhuri: kifaa fulani, namba fulani, kinafanya kazi, kioo safi, mkwaruzo uko hapa na hapa. Mkwaruzo usiufiche, kuandikwa kwake ndiko kunakoipa karatasi nguvu. Kisha piga picha kila kifaa, namba isomeke, na uweke kwenye barua pepe yako. Risiti za Kariakoo unazijua zilivyo, nyingine imeandikwa "vifaa" tu. Rudi dukani wakuandikie upya, na iwe ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Kama kuna kifaa ulichonunua cha mtumba, mwambie aliyekuuzia akupe hata barua ya mauziano.

Risiti hizo hizo zitakufaa ukirudi, forodha wakiuliza kama vifaa umevinunua Muscat.

Na huko ukumbini kuna kiyoyozi kikali, nje joto na unyevu. Ukitoka na kamera baridi, unyevu unageuka matone ya maji juu ya kioo na ndani pia. Ifunge ndani ya begi, zipu mpaka mwisho, iache ipate joto taratibu ndipo uifungue. Hili nalo bima hawalipi.


BintiChumbageni:

Allah awalipe kheri. Nimekuwa nikisoma na kalamu mkononi.

Mzee, karatasi ya tiketi nimeisoma mstari kwa mstari. Seti imo, neno kwa neno kama ulivyosema: kamera na vifaa vinavyoambatana nayo ni kitu kimoja, na kitu kimoja hakizidi dola 300. Vifaa vya biashara vimeondolewa. Nikampigia yule kijana, kakaa kimya, kisha akasema, "Hiyo sehemu mimi sijaisoma." Angalau kasema kweli.

Nimekwenda kwa dalali hapa mjini na maneno yako. Alipoona nimetaja hatari zote na vinavyohamishika akaniuliza kama mume wangu yuko kwenye bima. Aliuliza kampuni kadhaa; wengine hawataki habari ya Oman, mmoja kakubali. Nimeacha flashi na vikorokoro nje, kompyuta na bodi na lenzi zimo, thamani milioni 17.2 kwa bei mpya. Ada wamesema asilimia 2.5, ambayo ni 430,000, na VAT ya asilimia 18, 77,400, jumla 507,400 kwa mwaka mzima Tanzania na nyongeza ya Oman kwa tarehe za safari. Eksesi ni ile ile uliyoitolea mfano, 10 kwa mia isiyopungua laki tatu. Mama wa bibi harusi nimemwambia, kakubali kuchangia nusu, maana kasema picha zikipotea na kamera yeye ndiye wa kulia.

Sijalipa bado. Kilichonikwamisha ni ukumbi. Mkataba unasema kifaa kikiachwa bila uangalizi "mahali pa mikusanyiko ya watu" hawalipi. Sasa usiku wa wanawake ni mkusanyiko gani kama si huo? Watu mia nne, watoto, wapishi, wapambaji. Natembea na bodi mbili mwilini, lenzi ya tatu na kompyuta vinabaki. Nikamwuliza dalali, kanijibu, "Utaliangalia kwa jicho." Mzee, jicho langu liko kwenye kioo cha kamera.


KaoleVideo:

Hapo dada nenda na msaidizi. Mimi kwenye ngoma nina kijana wangu, kazi yake ni kukalia sanduku, hata kama simba ameingia ukumbini haondoki.


MzeeWaMadai:

Ndiyo jibu lenyewe, ila lazima liingie kwenye karatasi. Neno uangalizi halisemi ni macho ya nani. Mwandikie dalali barua fupi, naye aipeleke kampuni: kwamba vifaa visivyo mikononi mwako wakati wa shughuli vitakuwa chini ya mtu mzima uliyemteua, ambaye hatafanya kazi nyingine, na kwamba unaomba wathibitishe hilo ni uangalizi kwa maana ya mkataba. Wakikubali wataligonga kama waraka wa nyongeza. Wakikataa, umejua kabla ya kutoa laki tano. Wakijibu kwa simu, omba kwa maandishi. Waliokubali Oman hawatashindwa na hili.

Huyo mtu asiwe binti wa miaka kumi na minne anayetaka kwenda kucheza. Muombe mama mtu akupe shangazi mmoja asiyependa makelele. Umkabidhi vifaa kwa orodha, na akikupa lenzi, aitie alama. Ikitokea hasara, yeye ndiye shahidi wako.

Jambo jingine, na hili si la bima tu. Umesema viza wanashughulikia wao. Ulizia ni ya aina gani. Kama ni ya matembezi na wewe unafanya kazi ya malipo, kwanza ni matatizo yako na nchi ya watu, pili unawapa bima sababu ya kusema hasara imetokea kwenye shughuli isiyo halali. Waambie wenyeji wako wakuthibitishie kwa maandishi kwamba inaruhusu kazi uliyoitiwa.


BintiChumbageni:

Viza nimeuliza usiku huu huu. Waliomba ya matembezi. Jamaa yao mmoja wa huko anaulizia kibali kinachofaa, kasema bora tuchelewe wiki kuliko kuaibishana uwanjani. Barua ya uangalizi nimeshaiandika, kesho naipeleka. Shangazi kapatikana pia, bi mkubwa mmoja, nasikia hata keki ya harusi huwa hainuki kuifuata.

Swali langu la mwisho kabla sijalipa. Dalali kaandika nyongeza ya Oman ianze siku ya ndege. Niiache hivyo?


MzeeWaMadai:

Mwambie arudishe nyuma. Ukishatoka mlangoni kwako Chumbageni na vifaa vyote, uko safarini: stendi ya Kange, basi, Magomeni kwa shangazi. Sehemu ya hapa nchini inabebwa na mkataba wa mwaka, sawa, lakini huo nao umeandikwa unaanza tarehe gani? Kama wameuanzisha pamoja na nyongeza, basi usiku ule wa Magomeni huna bima yoyote. Mkataba mkuu uanze siku unayolipa. Nyongeza ianze siku ya basi na ikome siku mbili tatu baada ya tarehe ya kurudi, maana ndege huahirishwa. Nyongeza ya siku hizo kama ina gharama ni ndogo, na wengine hawadai kitu.

Na drone usibebe. Hujaitaja, lakini nawajua vijana. Imeondolewa kwenye mikataba mingi, na vibali vyake ni habari nyingine kabisa.


BintiChumbageni:

Drone sina Mzee, ya kuazima ilikuwa mpangoni. Nimeiacha.